Mwambie Nimelala

"Jua limefika wapi huko Homa Bay?" Bochaberi aliuliza.

"Limeshuka, lakini bado halijatua."

"Basi una dakika kumi, Gordon. Likitua nazima simu. Sema kilichokufanya upige."

Miezi kumi Gordon hakuwa ameisikia sauti hiyo. Huyu ni mshambuliaji wa timu ya chuo, mtu aliyezoea uwanja mzima kuimba jina lake. Goti lilipovunjika walikuja kumwona wiki moja, kisha kila mtu akashika njia yake. Sasa goti limepona na kocha amemrudisha kikosini, fainali ni kesho, lakini chumba alichopanga bado kiko kimya na anakula peke yake. Alimkumbuka Bochaberi mpaka moyo ukamuuma.

"Siku uliyokuja hospitalini," alisema, "nesi alikwambia nimelala. Sikuwa nimelala."

"Najua. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikusikia ukimwambia, mwambie nimelala."

Gordon aliketi kitandani, simu sikioni.

"Nilitoka Migori asubuhi na mapema," Bochaberi aliendelea. "Nikakaa hapo nje masaa matatu nikidhani utabadilisha nia."

"Nilikuwa nimekupigia mara kumi na moja, Bocha. Nimelala pale uwanjani, mguu umegeuka, na simu yako imezimwa."

"Ilikuwa Sabato. Miaka miwili tumependana hukujua nazima simu Ijumaa jioni?"

"Nilijua. Nilitaka tu mtu wa kulaumu."

"Hapo umesema ukweli."

"Nipe nafasi nyingine. Kesho nakuja Migori."

"Kesho ni Jumamosi. Jumamosi zako zilikuwa za mpira, tangu lini zikawa zangu? Jua limetua huku. Kwaheri."

Simu ikakatika. Papo hapo ujumbe wa kocha Maranga ukaingia: "Kesho saa nane. Unaanza. Usichelewe."

Gordon aliandika, akafuta, akaandika tena: "Kocha, nisamehe. Kesho nina mtu wa kuona Migori."

"Uone mtu siku ya fainali? Umerogwa?"

Gordon alisukuma simu chini ya mto. Usingizi nao ulikataa kabisa.

Kesho yake alifika kanisani Migori ibada imeisha, watu wamekaa chini ya hema wakila chakula kilichopikwa Ijumaa. Mama mmoja alimkagua kuanzia viatu hadi kichwani. Alikuwa Orpah, mamake Bochaberi.

"Sabato njema, mama."

"Sabato njema. Wewe ndiye yule wa kulala?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Na leo umeamka." Alimwonyesha kwa kidevu. "Yuko kule nyuma."

Bochaberi alikuwa akipanga viti. Alimwona, hakutabasamu.

"Umekuja kwa sababu siku hizi huna mechi," alisema. "Jumamosi zimekuwa refu, ukanikumbuka. Ungekuwa mzima ungekuja?"

"Goti limepona."

"Unachezea wapi?"

"Chuo. Leo ni fainali. Nilikuwa nianze."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

Bochaberi alitazama saa yake. Ilikuwa saa nane na nusu. Aliweka chini kiti alichokishika, akakikalia mwenyewe, machozi yakamtoka bila aibu.

"Nani alikwambia uache mpira?" aliuliza. "Mimi niliwahi kukwambia uache mpira?"

"Hapana."

"Wewe cheza, hata kila Jumamosi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Ukiumia, niingie nikuone. Ukiwa mbaya, umelia, huna nguvu, niingie. Ulinifungia nje na mimi ndiye niliyekuwa wako."

"Niliogopa utaniona sio yule tena."

"Na mimi nilikaa nje nikifikiri umeniondoa moyoni."

Gordon alipiga magoti kwenye nyasi, goti lile lililowahi kuvunjika likamuuma, akavumilia.

"Kuanzia leo hakuna mlango, Bocha. Nikiwa mbovu utaniona nikiwa mbovu."

"Simama kwanza, utaliharibu tena," alisema, akimshika mkono. Hakuuachilia.

"Bochaberi!" Orpah aliita kutoka hemani. "Huyo mgeni amekula?"

"Bado, mama."

"Basi mlete akae na sisi."