Njia ya Nyuma ya Nyumba

Baiskeli ya binti ilikuwa imefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza ya cherehani. Aliyeifunga ni baba yake, fundi wa nguo. Ufunguo aliuvaa shingoni, pamoja na futi yake ya kupimia.

Si kwamba alikuwa na roho mbaya, jamani. Lori lilimbana binti akiwa kwenye baiskeli barabara kuu, akaangukia mtaroni. Alichubuka kiwiko tu, lakini baba mtu alibaki na hofu moyoni. Tangu hapo binti alikwenda shule kwa miguu, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Jioni alisinzia juu ya daftari, na mwalimu akaleta habari kwamba alama zinashuka. Nyumbani alimnunia baba yake. Shikamoo alitoa, mazungumzo hakuna, na jambo hilo lilimuuma fundi.

Basi halmashauri ikaitisha mkutano, maana ilitaka kutengeneza njia za baiskeli na za miguu. Afisa wa mipango, mama mmoja mcheshi, alitandaza ramani mezani. Akaomba kila mtu achore njia anayopita kila siku. Wote wakachora barabara kuu. Fundi naye akaichora, tena akaikoleza.

Kesho yake afisa alikuja kwa fundi kupunguziwa sketi. Akaona suruali ya fundi imejaa zile mbegu za majani zinazong'ang'ania nguo.

"Fundi, barabara kuu ina lami. Hizi umezitoa wapi?"

Fundi akacheka, ameshikwa. Akakiri kwamba huenda sokoni kwa kichochoro cha nyuma ya nyumba, kando ya mfereji, ingawa kuelekea shuleni kinaishia barabara kuu. Mtaa mzima hupita huko. Kwenye ramani walikificha kwa haya, wakidhani watu wa ofisi wanataka barabara za maana. Wengine waliogopa kitafungwa.

"Mficha uchi hazai, fundi," afisa akasema. "Njia nzuri huanzia pale watu wanapopita tayari. Sisi tunaipanua, tunapanda miti ya kivuli, tunaunganisha nyumba, shule, soko na zahanati. Ikikatika katikati, mtoto anarudi kwenye malori."

Hilo fundi alilielewa upesi. Mikono na kola, hata vishonwe vizuri namna gani, visipoungana hakuna shati. Jioni akapita nyumba kwa nyumba na ramani mkononi. Majirani wakachekana, kisha wakachora ukweli.

Kazi ilichukua miezi saba. Kichochoro kikawa njia pana yenye taa na miche ya miti. Pale kinapokutana na barabara kuu yakawekwa matuta na kivuko. Jumapili fundi aliifungua baiskeli, akaijaribu njia mwenyewe hadi shuleni, mara tatu, magoti yakigonga usukani. Watu walimcheka, naye hakujali.

Jumatatu mnyororo haukurudi mezani. Ulikwenda kufunga banda la kuku. Binti akaishika baiskeli yake, akasita mlangoni.

"Baba, nikirudi nipitie sokoni nikuletee uzi?"

Fundi akatazama uzi uliobaki kwenye cherehani.

"Mweupe," akasema.

Uzi ulifika jua lingali juu. Binti akakaa karibu na cherehani, akafungua daftari, akaanza kumsimulia baba yake habari za shule. Siku hiyo hakusinzia.