Sabuni Ndani ya Kibuyu cha Maziwa

Kila siku baada ya shule, Bella na Umutesi walipanga mabido yao, madumu ya manjano ya kuchotea maji, kwenye foleni ya bomba la Nyamianda, mjini Uvira. Maji ya Nyamianda hayana haraka, basi wasichana hao walikaa juu ya mabido na kupiga soga. Umutesi alikuwa ameshuka kutoka nyanda za juu mwaka uliopita, akaja kuishi kwa shangazi yake. Hakuwa msemaji. Lakini siku moja alimsimulia Bella habari za ndama aliyefiwa na mama yake, jinsi alivyomlea kwa maziwa ya kibuyu, na jinsi familia ilipokimbia vita ndama akawafuata hadi mtoni, akabaki ng'ambo akilia.

Wiki ileile Mama Apolline, mwandishi wa vitabu vya watoto, aliomba shuleni kwao hadithi za kutia katika kitabu kipya. Alitoa sharti moja tu: kila mtoto aandike jambo lililompata mwenyewe. Bella alitafuna kifuniko cha biki, kalamu yake, mpaka kikapasuka. Yeye alikuwa amepatwa na nini katika miaka yake kumi na miwili, zaidi ya kuchota maji na kuosha sahani? Basi akamwandika ndama. Kila palipostahili jina la Umutesi aliandika "mimi", na pale asipokumbuka alijaza kwa akili zake.

Jumatatu mwalimu alitangaza kwamba hadithi ya Bella itaingia kitabuni, na kwamba Mama Apolline atakuja Alhamisi kumuuliza maswali. Mwandishi huyo alijulikana kwa maswali. Hata mbwa akitajwa, atataka kujua rangi yake.

Tangu hapo Bella hakuwa na raha. Baba yake, mbeba mizigo bandarini Kalundu, alikuwa amekwisha kuwatangazia wenzake wote kwamba amezaa mwandishi. Jumatano Bella alijilaza akisema tumbo linamsokota, na mama yake akamchemshia mubirizi, majani machungu yasiyo na mfano. Akanywa kikombe kizima, na Alhamisi ikaja vilevile. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bella ilikuwa imefika ukutani.

Lililomuumiza zaidi ni wema wa Umutesi.

"Minye niko na furaha juu yako," alimwambia bombani, akimsaidia kujitwika bido. "Uliandika nini?"

"Utaisikia," Bella alijibu huku akitazama chini.

Alhamisi Mama Apolline alikaa mbele ya darasa, akamwita Bella asimame kando yake, akavaa miwani, akaisoma hadithi kwa sauti. Ndama alipotajwa, Umutesi aliacha kuchora kwenye kaye, daftari lake la shule. Mto ulipotajwa, aliinamisha kichwa juu ya dawati alilokalia na Bella kila siku.

"Hadisi iko muzuri," alisema Mama Apolline. "Lakini hapa unasema kila asubuhi uliosha kibuyu cha maziwa na sabuni. Ndama hakukataa yale maziwa?"

Kabla Bella hajafungua kinywa, Umutesi alijibu bila kuinua kichwa.

"Kibuyu cha maziwa hakitiwi sabuni. Kule kwetu kinafukizwa na moshi wa majani."

Mama Apolline alimtazama Bella. "Ni vile?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari: angesema kwa bibi yake walitumia sabuni. Lakini alijua huo nao ungedai wa tatu, na wa tatu ungedai wa nne, naye alikuwa amechoka.

"Sijui, Mama," alisema. "Minye sijagusa ngombe hata siku moja. Ile hadisi iko ya Umutesi. Niliiba."

Umutesi aliinua uso. Hakulia.

"Nilikuambia weye tu," alisema. "Hata shangazi sijamuambia."

Maneno hayo yalimchoma Bella kuliko fimbo yoyote. Aliomba msamaha, na sauti yake haikufika hata dawati la pili.

Mama Apolline alimuuliza Umutesi kama angependa hadithi ichapwe kwa jina lake mwenyewe. Umutesi alitikisa kichwa. "Siku moja nitaiandika. Siyo sasa." Basi mwandishi akamkabidhi karatasi zote.

Kisha akamgeukia Bella. "Mwanangu, niko naandika vitabu tangu miaka makumi mbili. Kila mwandishi anaazima kwa wengine, lakini anaomba kwanza. Huzuni ya muntu iko mali yake, hata kama alikuonyesha. Tena ulijidanganya kama maisha yako haina kitu. Hizi siku tatu za kungojea maswali yangu, moyo wako ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimefungwa," Bella alinong'ona. "Sikuona pa kutokea."

"Ile hakuna mwingine anaijua. Iko yako. Iandike."

Bella alirudi kwenye dawati. Umutesi alisogea kumpisha, ila hakumtazama. Bella akaandika mstari mmoja: "Nilimwibia rafiki yangu ndama wake." Hakuendelea. Alimsogezea Umutesi karatasi na kuweka biki chini.

Umutesi aliusoma mstari ule mara mbili. Kisha akairudisha karatasi.

"Endelea," alisema.