Kioo Juu ya Ufa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia baraza ya nyumba ya mawe ya bibi yake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hizi alikuwa na kazi ya ziada: kukagua kioo.

Ukuta wa mbele ulikuwa na ufa mrefu kando ya dirisha. Fundi mwashi alikuwa amebandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa huo, akakishikiza kwa plasta upande huu na huu wa ufa.

"Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kitakatika," alieleza. "Kikibaki kizima hadi mwisho wa mwezi, nitapitisha nondo ndani ya ukuta, kisha nitarudisha mawe yale yale kwa chokaa. Mpita njia hatajua kama tumegusa kitu."

"Na kikikatika?" Bibi aliuliza.

"Hapo sina ujanja, bibi. Nitaubomoa, nijenge upya kwa matofali."

Bibi aliguna. Mawe yale marehemu babu aliyachonga kwa mikono yake, na Bibi ndiye aliyekuwa akimtekea maji ya kuchanganyia chokaa.

Jumamosi, Bibi alipokwenda sokoni, Chiriku alidundisha mpira ukutani, ingawa alikuwa amekatazwa. Mpira ukaenda kombo. Ka! Kioo kikakatika vipande viwili, mkato mmoja ulionyooka. Chiriku aliokota mpira, akaingia ndani na kunyamaza.

Mchana, Bibi akiwa amesharudi, fundi alipita akakitazama kioo, akavua kofia. "Pole, bibi. Ukuta unatembea. Jumatatu tunaanza kubomoa."

Bibi aliyapapasa mawe ya dirisha moja baada ya jingine, kisha akaenda kufungasha vyombo vyake.

Chiriku roho ilimuuma. Jioni aliisukuma sahani yake pembeni.

"Leo Chiriku wangu kameza nini, mbona kimya?" Bibi alimtania, macho yakiwa mekundu.

Chiriku akaangua kilio. "Si ukuta, Bibi. Ni mimi! Nilikipiga kioo kwa mpira, nikaogopa kusema."

Kesho yake asubuhi wakaongozana hadi kwa fundi, na Chiriku akayarudia yote mwenyewe. Fundi alikuna kichwa. "Basi siwezi kubahatisha. Nabandika kingine, tusubiri upya."

Mwezi mzima ukapita. Kioo hakikukatika.

Ndipo kazi ikaanza. Fundi alitoa mawe machache, kila moja akiliandika namba kwa chaki, akatoboa ukuta, akapitisha nondo, kisha akarudisha kila jiwe mahali pake. Alipomaliza, Bibi alivuka barabara autazame vizuri.

"Sasa hizo nondo ziko wapi?"

"Humo humo, bibi."

Bibi alicheka hadi akajifuta machozi. Fundi akamgeukia Chiriku.

"Mimi sioni ndani ya ukuta, mwanangu. Naamini alama tu. Ukinificha kilichotokea, nitabomoa kizima, au nitaacha kibovu kiwaangukie watu."

"Nimeelewa, fundi. Naomba msamaha."

Bibi akamvuta mjukuu wake karibu. "Nyumba ningejengewa nyingine, ingawa kwa machungu. Lakini mtoto anayeogopa kuniambia kweli, ningeishi naye vipi? Ukikosea, njoo useme siku hiyo hiyo. Nitakugombeza, kisha tutatengeneza pamoja."