Saidati na Mbio za Cherehani

Kabla Baba hajaanza safari za mbali, siku ya Saidati ilikuwa ikianza kwa vidole viwili vya Baba vilivyogonga mlango. Ko, ko. Viligonga taratibu, kwa maana ndani alilala Sulaiman, mdogo wake wa miaka mitatu, na Sulaiman akiamka huamka na nyumba nzima. Saidati, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa akitoka kwa kunyata, viatu mkononi. Vilikuwa viatu vya mtumba, kimoja kina kamba nyeupe na kingine kina kamba ya buluu, lakini Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amevishona visigino kwa uzi mnene vikawa imara.

Yeye na Baba walikuwa wakiteremka kutoka kwao Nengo, mtaa wa mlimani, hatua kwa hatua, mpaka barabara ya ziwa. Hapo ndipo mbio zilipoanza. Asubuhi Ziwa Kivu hufunikwa na ukungu mweupe, kama sufuria ya maziwa inayokaribia kuchemka, na kutoka ndani ya ukungu huo walisikia wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa hilo, wakirudi, wakiimba kwa kupokezana.

"Wasikie wale," Baba alisema. "Wao wanavuta makasia, sisi tunavuta miguu. Fuata wimbo wao."

Saidati alifuata wimbo, na kweli miguu ikawa myepesi. Mwisho wa mbio walisimama kwa Mama Donatille, mwanamke aliyeishi Goma, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi, ambaye sasa anauza chai ya tangawizi na maandazi kando ya barabara.

"Bon! Baba na mutoto yake wamefika," aliwatania. "Leo nani alishinda?"

"Mimi!" walijibu wote wawili kwa pamoja, na Mama Donatille akacheka kana kwamba hajawahi kuusikia utani huo.

Basi Baba, Hamdani, akapata kazi ya kuendesha lori la mizigo hadi Dar es Salaam. Ilikuwa kazi nzuri, lakini ilimaanisha majuma mengi bila kuonekana nyumbani. Siku ya kuondoka alimpa Saidati simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka pembeni, na kumwonyesha programu ya kuhesabu hatua.

"Wewe utakimbia huku, mimi nitakimbia kule," alisema. "Kila jioni simu yangu itanionyesha hatua zako, na yako itakuonyesha zangu. Nikirudi kwa Idi kubwa, tutakimbia mimi na wewe mpaka kwenye chemchemi za maji ya moto. Hatujawahi kufika huko kwa miguu."

"Na nikikushinda?"

"Nitakubeba mgongoni wakati wa kurudi."

Mama akamshonea mfuko mdogo wa kitambaa wa kufungia simu kiunoni.

Siku za kwanza Saidati alikimbia vizuri. Lakini mambo ya nyumbani unayajua. Leo maji ya bomba yamekatika, inabidi kwenda na dumu. Kesho Sulaiman ana homa, hakuna aliyelala. Keshokutwa kuna mtihani. Na hata siku ambayo hapakuwa na kikwazo, barabara yenyewe ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ndefu. Alipofika kwenye kona ya kwanza, pale ziwa linapoanza kuonekana, alisikia hatua zake peke yake, na moyo ukamwishia. Akaanza kukaa juu ya ukuta mfupi wa mawe na kutazama chini. Alikumbuka jinsi Baba alivyokuwa akihema kwa mdomo na kujifanya hachoki. Ubaridi ukimzidi alirudi nyumbani, na Mama alimwambia, "Pole na mbio, mwanangu," naye akaitikia, "Asante."

Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, hata kwenye kona hakufika. Wakati ule Sulaiman alikuwa katika umri wa kufunga vitu. Alifunga kikombe kwenye kiti, alifunga kiatu kwenye mlango, alijaribu hata kumfunga paka. Siku hiyo aliuchukua ule mfuko wenye simu akaufunga chini ya pedali ya cherehani, kile chuma cha kukanyagia. Mama alikuwa na nguo nyingi za Idi za kumaliza. Akakaa, akakanyaga kutwa nzima, akidhani kinachoning'inia pale chini ni kipande cha kitambaa.

Saidati aliupata mfuko jioni. Alipofungua simu, ilikuwa imehesabu kila mkanyago wa Mama kuwa hatua, na sauti ya Baba ilikuwa ikimsubiri: "Wee, Saidati! Na mvua yote hiyo niliyosikia imenyesha huko? Umeniacha mbali kabisa! Kumbe nina simba nyumbani!"

Alitaka kumwambia kwamba hakukimbia. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akafungua mdomo. Lakini Baba alikuwa amefurahi mno. Saidati akasema tu, "Asante, Baba," akazima.

Siku ya pili, Sulaiman hakuufunga mfuko. Aliufunga Saidati mwenyewe.

Mchezo ukaendelea hivyo. Asubuhi alivaa viatu akaenda kukaa kwenye kona. Mchana aliufunga mfuko chini ya pedali. Jioni alisikiliza sifa. Rafiki yake Akaliza alikuja kupimwa gauni, akainama kuokota pini, akauona.

"Hii simu inafanya nini hapa?" aliuliza kwa kunong'ona.

Saidati alimweleza. Akaliza akaziba mdomo asicheke.

"Yaani miguu ni ya mama yako, sifa ni zako! Cherehani ikishiriki mashindano ya shule, tumekwisha wote."

"Nyamaza basi!"

"Mimi nitanyamaza. Lakini baba yako akirudi je?"

Wiki hiyohiyo Mama Donatille naye akaja kuchukua gauni lake la kitenge, akamshika Saidati kidevu.

"We mutoto, mi sikuonake tena kule ku ziwa. Miguu ilienda likizo?"

"Nimebadilisha njia, Mama Donatille. Siku hizi napita juu."

"Ah, bon," alisema Mama Donatille, lakini alimtazama kidogo zaidi ya kawaida. Uongo ni kama mbuzi. Ukimfuga mmoja, kesho anazaa.

Baba alirudi siku mbili kabla ya Idi. Sulaiman alimrukia shingoni, na Saidati alikimbia kumpokea begi. Hapo ndipo alipoona kwamba Baba anachechemea. Alipovua kiatu, kisigino cha kulia kilikuwa kimevimba, kimezungushiwa bendeji iliyogeuka rangi ya vumbi.

"Umeanguka?" Mama aliuliza kwa hofu.

"Sijaanguka. Ni huyu bingwa wako!" Baba alicheka, akamvuta Saidati karibu. "Nimeshusha mzigo, nimechoka, nataka kulala. Natazama simu: Saidati ameshanipita. Najiambia, Hamdani, mtoto anakwenda shule, anachota maji, anabeba mdogo wake, na bado anakimbia. Wewe unalala? Basi navaa viatu. Pale Morogoro nilizunguka maegesho ya malori mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu."

Mama akacheka hata akatoa pini mdomoni. Sulaiman akacheka kwa sababu Mama amecheka. Saidati alikitazama kile kisigino, na pilau aliyokula jioni ile haikuwa na ladha.

Sikukuu ilipita. Watu walisali, walichinja, walipelekeana nyama. Kila mgeni aliyeingia, Baba alimsimulia habari za binti yake mkimbiaji, na kila mara Saidati alikwenda jikoni kutafuta kazi ya kufanya.

Asubuhi iliyofuata, vidole viwili viligonga mlango. Ko, ko.

Ni sauti aliyoingoja majuma mengi, na sasa ilimtia baridi. Alitoka sebuleni akamkuta Baba ameketi kwenye kigoda, anajaribu kukisukuma kisigino kilichovimba ndani ya kiatu. Meno yalikuwa yameumana.

"Leo ni leo," Baba alisema. "Mpaka maji ya moto."

"Baba, mguu..."

"Utapata joto njiani, utalainika. Nilikuahidi. Mtu aliyekimbia kama wewe hastahili kuvunjiwa ahadi."

Saidati alijua akinyamaza, Baba ataondoka na mguu ule, na pengine hatakimbia tena. Alijua pia akisema, pengine Baba hatagonga tena mlango wake. Aliuchukua mfuko wenye simu, akaiendea cherehani pale dirishani, akapiga magoti, akaufunga chini ya pedali. Kisha akakaa kwenye kiti cha Mama.

"Baba, tazama simu yako," alisema. "Tazama hatua zangu."

Akaanza kukanyaga. Tak-tak-tak-tak. Baba alitazama simu, akamtazama yeye, akarudi kwenye simu. Penye jina la Saidati, nambari zilikuwa zinapanda, na Saidati amekaa. Pedali ikaendelea kupanda na kushuka mpaka machozi yakamzuia kuona, akaacha.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, leso begani. Alikuwa ameona yote.

"Ngoja kwanza," alisema polepole. "Yaani ni mimi? Ni mimi niliyemkimbiza mume wangu mpaka Morogoro?" Alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka, akajifunika uso kwa leso.

Baba hakucheka. Alikitoa kisigino kwenye kiatu, akakiweka kiatu kando.

"Saidati," alisema mwishowe, "uongo ulikuwa wako, lakini aliyekimbizwa nao ni mimi."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kofi. "Nisamehe, Baba. Nilikuwa nikifika kwenye kona nasikia kimya. Barabara haina mtu. Nikaogopa kwamba ukiona nambari ndogo utadhani nimekusahau."

Uso wa Baba ukabadilika. Alimwita kwa mkono, akamkalisha kwenye mkeka karibu na mguu wake mbovu.

"Unadhani mimi nilikuwa nikikimbia kwa sababu ya nambari? Pale kwenye malori, mara nyingi hata mimi nilisikia kimya hicho. Nilikimbia kwa sababu ile ni saa yetu. Ungeniambia, 'Baba, leo nimeshindwa, nimekaa kwenye kona, nimekukumbuka,' ningekuwa na wewe hapo kwenye kona. Lakini wewe ulinipa cherehani, nikakimbia na cherehani."

"Na maji ya moto?"

"Maji ya moto yako palepale, hayapoi. Tutakwenda kisigino kikipona na wewe miguu yako ikizoea. Leo hatuna miguu, si mimi, si wewe."

"Mimi ninayo," Mama alisema.

Wote wawili waligeuka. Mama alikuwa ameshaanza kuvaa raba zake za sokoni, na gauni amelikaza kiunoni kwa leso.

"Mnanitazama nini? Mbio zote hizo ni zangu, na barabara yenyewe sijaiona. Baba Saidati, mtoto akiamka mpe uji. Maziwa yapo kwenye bakuli la kijani, na usimruhusu akufunge kwenye kiti."

Wakateremka, mama na binti. Mama alikuwa na mapaja ya chuma, lakini pumzi hakuwa nayo. Saidati alikuwa na pumzi, lakini mapaja yalikuwa yamelala. Walikimbia kidogo, wakatembea, wakakimbia tena, wakisukumana na kucheka. Walipofika kwa Mama Donatille walikuwa wameloa jasho kama waliotoka ziwani, na Saidati alimwambia, kabla hata ya kuketi, kwamba hakuwahi kupita njia ya juu.

"Mi nilijua," alisema Mama Donatille, akimimina chai. "Njia ya juu iko na matope, na viatu yako vilikuwa safi."

Siku chache baadaye lori likamwita Baba tena. Mama naye akapata sare za wanafunzi za kushona, hakuwa na nafasi ya kwenda ziwani kila siku. Asubuhi ya kwanza bila Baba, hakuna aliyegonga mlango. Saidati aliamka mwenyewe. Alilala macho kidogo akisikiliza kimya kile, kisha akavaa viatu. Kwenye kona moyo ulimwishia kama zamani. Alisimama, akavuta pumzi, akaenda mpaka mti uliofuata, na kutoka hapo mpaka uliofuata. Hakufika mbali.

Jioni alirekodi sauti: "Baba, leo nimekimbia kidogo tu. Sehemu nyingine nimetembea. Nilikukumbuka sana." Jibu lilikuja wakati Mama anapachika vifungo.

"Hatua zako nimeziona," Baba alisema, na nyuma yake injini za malori zilikuwa zikinguruma. "Ni chache. Lakini zote nimeziamini."

Saidati alitabasamu, akaiweka simu juu ya meza. Mama aliukata uzi kwa meno, akainyoosha ile sare juu ya magoti yake.

"Umemsikia baba yako," alisema. "Na mimi nikwambie la fundi. Nguo haishonwi kwa mshono mmoja mrefu. Ni tundu moja, halafu la pili. Siku ukichoka, shona padogo, lakini shona. Na ukikosea, sema umekosea, tufumue mapema. Mshono wa uongo, mwanangu, hufumuka mtu akiwa ameshaivaa nguo."