Jiwe Chini ya Kuku

—Hodi! Iko mutu hapa?

Faradji alisimama uani akiishika baiskeli, vumbi jekundu limempaka mpaka kwenye nyusi. Ndani ya nyumba mwanamume alikohoa kwa muda mrefu. Kisha msichana akatoka na mwiko mkononi.

—Karibu. Unatafuta nani?

—Nimetoka Kasongo. Natafuta mayai.

—Mayai iko sokoni.

—Si hayo, dada. Nataka yale ambayo kuku ameyaatamia siku nane.

Msichana alimkagua toka kofia hadi viatu.

—Baba! Utoke uone! Watu wa Kasongo wameanza kula vifaranga ndani ya ganda!

Faradji alicheka. Alikuwa ameendesha siku mbili, na bado hakutaka kukaa. Tangu mafua makali ya mwaka ule wa 1957 yajaze vitanda vya hospitali ya Kasongo, hakuwa ametulia hata siku moja. Alikuwa mtu wa maabara, msaidizi wa Dokta wa Kibelgiji, na alijua kwamba mdudu wa mafua haoti kwenye chupa. Huota ndani ya yai lililo hai. Huko Leopoldville, katika maabara kubwa, walikuwa wanatafuta chanjo, nao walimtaka mdudu wa huku Maniema. Lakini kuku wa Kasongo walikuwa wamekufa karibu wote kwa ugonjwa wa kideri.

Alimweleza yote hayo mzee Kasimu, baba wa msichana, aliyekuwa amejikunja kwenye mkeka. Kisha akampa maji ya chumvi asukutue koo na kutema ndani ya chupa.

—Mate yangu yaende Leopoldville? mzee akashangaa. Mimi mwenyewe sijafika!

—Yatatangulia, baba. Wewe utafuata.

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamkamata tena.

—Kuku wangu ana siku tano tu, msichana akasema. Jina lake lilikuwa Mwamvita.

—Basi nitangoja siku tatu.

Alizunguka mji ule wote wa Kabambare akikusanya mate ya wagonjwa. Lakini kila jioni baiskeli ilimrudisha kwenye uwanja ule ule, eti kumwangalia kuku.

—Kuku yuko nyuma ya jiko, Mwamvita alimwambia siku ya pili. Mbona wewe unatazama mbele ya jiko?

—Huku ndiko moshi unakotoka.

—Aa, mutu wa maabara! Kumbe mnapima na moshi?

Siku ya tatu walipiga magoti pamoja mbele ya kapu bovu. Kuku mweusi alikuwa na mayai tisa. Faradji aliyahamisha moja moja ndani ya sanduku lenye pamba na chupa za maji moto. Alipofikia la tisa, Mwamvita alimshika mkono.

—Acha hilo.

—Nayahitaji yote.

—Hujafuga kuku wewe? Hatuachi kiota kitupu. Akikuta hakuna kitu anakihama, na hakuna atakachokiamini tena. Hata mutoto anajua.

—Sikiliza, Mwamvita. Manane nitayatia mafua. Hili la tisa silitii kitu. Nalilinganisha na mengine tu. Bila hili sitajua kama yale manane yameharibika kwa mafua ama kwa safari.

—Kwa hiyo hili halitakufa?

—Halitakufa.

—Basi utalirudisha.

Mwamvita alitwaa jiwe jeupe la mtoni, la mviringo, akalipasha moto kwenye majivu, akalisukuma chini ya kuku. Kuku alijitikisa, akalikalia.

—Nimemdanganya, alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. Siku kumi na tatu kifaranga kitatoka. Mbili za njia. Zikipita hizo, ataamka. Tena uje wewe mwenyewe, usitume mutu. Kaka yangu Hemedi walimchukua jeshini wakati wa vita. Walimwahidi mama kwamba atarudi. Wakatuma mutu na blanketi lake.

Faradji alilitia yai la tisa ndani ya sanduku.

—Nitakuja mimi mwenyewe, alisema. Na nikija nitaongea na baba yako.

—Rudisha yai kwanza.

Huko Kasongo alilitia lile yai la tisa alama ya mkaa. Aliyatoboa manane kwa sindano nyembamba, akayatia mate ya wagonjwa, akaziba matundu kwa nta, akayapanga yote ndani ya sanduku la joto lenye taa ya petroli. Baada ya siku tatu alinyonya kwa sindano maji ya mayai manane na kuyadondoshea damu. Damu ikashikana vipande vipande. Mafua yalikuwa yameota! La tisa alipolimulika, aliona nyuzi nyekundu na kivuli kidogo kikichezacheza.

—Hata wewe hutulii, alikiambia.

Dokta alipiga habari Leopoldville. Telegramu ikajibu: LETENI CHUPA KWENYE BARAFU. MSAIDIZI AJE NAZO. NAFASI YA MAFUNZO YA CHANJO MIAKA MIWILI.

Faradji aliisoma mara nne. Tangu akiwa shule aliota mlango wa maabara ile. Kamio, lori la kwenda Kindu njia ya Leopoldville, ingeondoka Alhamisi asubuhi. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Alhamisi ilikuwa siku ya kumi na tatu.

Jumatano dereva kutoka Kabambare akamletea barua:

"Faradji, Baba amepona. Anauliza mate yake yamefika wapi. Kuku bado amekalia jiwe. Kila asubuhi naligeuza, kama yeye anavyogeuza mayai, ili asichoke kuamini. Mimi nami siku hizi sikai mahali pamoja. Ni mimi Mwamvita."

Alhamisi kulipopambazuka, ganda lilikuwa na ufa. Nje kamio ilipiga honi. Pacifique, mwenzake wa maabara, akaingia mbio.

—Faradji! Wanakungoja!

—Bado hajatoka.

—Nani hajatoka? Aa, ndugu yangu! Nipe hicho kifaranga, Jumapili nitakipeleka mimi.

—Nilisema mimi mwenyewe.

—Mutu anaacha Leopoldville kwa sababu ya kuku? Watakucheka mpaka Kindu!

—Wacheke.

Dokta alisimama mlangoni, saa mkononi.

—Faradji, wakishaandika jina jingine, lako halirudi. Unafahamu?

—Nafahamu, Dokta. Pacifique anaijua kazi, na daftari langu lina kila kitu. Chanjo haitapungukiwa.

—Na wewe je?

Faradji alionyesha yai kwa kidole.

—Dokta, tulichukua mate yao, tukachukua mayai yao. Yule msichana aliniomba nirudishe kitu kimoja tu.

Dokta alimtazama, akalitazama yai, akatoka. Pacifique alipanda kamio. Faradji alishika ukingo wa meza mpaka mngurumo ukaisha kabisa. Alipoangalia tena, kifaranga kilikuwa kimelala juu ya pamba, kimelowa, kinalia kwa nguvu kuliko umbo lake.

Aliketi. Alikingoja kikauke.

Jumamosi mchana Mwamvita alisikia kengele ya baiskeli, lakini hakukimbia.

—Dereva alisema umepata Leopoldville.

—Pacifique amekwenda.

—Na kazi yako?

—Iko palepale Kasongo. Kuosha chupa na kupima damu, kama zamani.

—Uko mjinga wewe, alisema polepole, na macho yake yakajaa machozi.

—Kuku je?

—Leo amesimama mara mbili. Twende!

Nyuma ya jiko, Faradji alifungua shati, akatoa kopo lenye pamba. Aliingiza mkono chini ya kuku, akalivuta jiwe, akakisukuma kifaranga mahali pake. Kuku aligeuza shingo. Alisikiliza. Kisha akashusha bawa.

Faradji aliliweka jiwe kwenye kiganja cha Mwamvita. Lilikuwa bado na joto.

—Mwamvita! mzee Kasimu aliita kutoka ndani. Nani huyo?

—Ni mutu wa mayai, Baba.

—Amerudi?

—Amerudi. Yeye mwenyewe.

Ndani mkeka ukasikika ukikunjwa.

—Mwambie aingie. Nawe weka kahawa motoni. Nasikia ana neno la kuongea na mimi.

Mwamvita alilifunga lile jiwe kwenye pindo la kitenge chake, akaenda kuchota maji.