Maziwa ya Shangazi Nzilani

Ulizeni mtu yeyote hapa Makadara: mimi, Nthoki wa darasa la sita, nikitumwa kitu, kinafika. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Shangazi Nzilani mwaka ule wa 1984, mvua ilipokosa kabisa Ukambani. Alikuja kwetu kutoka Kitui, mja mzito wa miezi sita, mwembamba kama mpini wa jembe.

"Majirani zangu wawili mimba ziliwatoka kwa njaa," alisema. "Hata huyu sijui kama atafika."

"Atafika, Shangazi! Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, tukipewa shuleni kila Ijumaa, pakiti yangu ni yako."

Ijumaa ya kwanza nilitoboa kona ya pakiti kwa jino, nionje tone moja tu. Kufika Barabara ya Jogoo, pakiti ilikuwa bapa kama chapati.

"Lori la maziwa halikuja," nikasema. Wiki ya pili lori langu likaharibika. Wiki ya tatu likakwama matopeni. Shangazi alinitazama tu.

Siku ya kliniki nilimsindikiza. Sista Wangeci, muuguzi, alisoma mizani mara mbili.

"Mama, mwezi mzima hujaongeza hata robo kilo! Huli?"

"Najizuia, Sista. Kwetu husema mtoto mdogo huzaliwa bila taabu."

"Mdogo mno ndiye huyo tunayempoteza! Ukame huu akina mama wanajifungua kabla ya siku zao, watoto wana uzito wa kuku. Kula, mama. Maziwa unapata?"

"Lori lina matatizo," Shangazi akajibu.

Benchi likaniwasha. Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena.

Tangu siku hiyo nilikimbia na pakiti bila kupumzika, na ya rafiki yangu Teresiah nikaiomba pia. Shangazi akanywa, akala maharagwe na mayai. Mtoto alizaliwa kwa siku zake, kilo mbili na nusu, akilia kama king'ora.

Wageni walipojaa kumwona mtoto, ningenyamazaje? "Huyo ni maziwa yangu matupu! Tangu siku ya kwanza, halikupotea hata tone."

"Siku ya kwanza ipi?" Teresiah aliuliza kutoka mlangoni. "Na zile pakiti tatu ulizonyonya njiani mpaka zikalia fyuu, ukanikataza nisiseme?"

Shangazi akaniwekea mtoto mapajani.

"Nilijua, ila nilikuwa mgeni. Lori gani hukwama matopeni wakati wa kiangazi? Mvua ikikosa, mwanangu, hatuna wa kumlaumu. Lakini chakula cha mja mzito kikipotea mikononi mwetu, ukame umepata msaidizi. Haya, mwambie mtoto mwenyewe ulichofanya."

Nikamwambia. Mtoto akapiga mwayo. Teresiah alibaki amesimama palepale, kuhakikisha siruki hata pakiti moja.