Maiti Bafuni, Keki Sebuleni

Marehemu alikuwa amelazwa chali kwenye sakafu ya bafu, mikono imekunjwa kifuani, na chini yake kulikuwa na maboksi yaliyokunjuliwa ili vigae vipya visichafuke. Inspekta alisimama mlangoni akamtazama, kisha akageuka kutazama sebule. Sahani zenye makombo ya keki zilikuwa zimetapakaa mezani.

"Nani alikuwa anakula hapa?"

"Wageni, afande," alijibu Koplo. "Watu wa kampuni. Walitembezwa nyumba asubuhi, wakala keki, sasa wako kule kwenye turubai na wanachama."

"Na huyu mama alikuwa humu wakati wanakula?"

Koplo alijikuna shingo. "Waliambiwa choo kibovu."

Inspekta aliingia bafuni, akavuta maji. Yalishuka kwa kishindo, safi, bila hitilafu yoyote.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mfano. Ilijengwa na chama cha wapangaji waliochoka kuhamishwa kila kodi inapopanda. Mpango wao ulikuwa rahisi kueleza: mwanachama ananunua nusu ya nyumba, mbia mwenye mtaji anamiliki nusu nyingine, mwanachama anamlipa mbia kodi ya nusu yake huku akiinunua kidogo kidogo mpaka nyumba yote iwe yake. Kilichobaki kilikuwa kumchagua mbia. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kusaini na kampuni iliyopendekezwa.

Marehemu alikuwa nesi mstaafu na mweka hazina wa chama. Kila mtu alimwita Sista, hata waliomzidi umri.

Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli tatu. Mwenyekiti alikuwa na ufunguo mmoja, katibu mmoja, Sista mmoja. Wanachama walishaibiwa mara nyingi na viongozi wa vyama vingine, ndiyo maana walitaka mlango usiofunguliwa na mtu mmoja. Kufuli zote tatu zilikuwa zimefunguliwa vizuri, bila kuvunjwa.

"Kwa hiyo asubuhi walikuwa watatu," alisema Inspekta.

Daktari wa polisi aliinuka akivua glavu. "Alianguka kwenye ngazi, michubuko ya mgongoni inaonyesha. Nyonga imevunjika. Lakini nyonga haikumuua."

"Nini kimemuua?"

"Kukosa hewa. Midomo imechubuka kwa ndani, kwa meno yake mwenyewe. Amekandamizwa uso kwa kitu laini."

"Mara tu alipoanguka?"

"Hapana. Angalia uvimbe huu. Alikaa na maumivu yake kwanza, tena si kidogo. Angefikishwa hospitali, leo angekuwa anawagombeza manesi."

Inspekta alirudi sebuleni. Makochi yalikuwa mapya, kila mto ukiwa bado umevikwa nailoni ya dukani. Mto mmoja tu ulikuwa uchi. Alipiga magoti akachungulia chini ya makochi, akapekua kabati. Nailoni haikuwepo.

Mwenyekiti aliletwa. Alikuwa mtu mnene mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri, mdogo wa marehemu mume wa Sista. Alilia kwa sauti, akatulia, akatazama saa, akalia tena.

"Shemeji yangu, afande. Kaka yangu aliniachia nimtunze."

"Mlifungua mlango pamoja?"

"Pamoja. Halafu mimi na katibu tukatoka kupokea wageni. Yeye akabaki kupanga vikombe. Sikumwona tena mpaka wageni walipotoka, nikaingia bafuni nikamkuta hivyo. Nikapiga simu papo hapo."

"Nani aliwaambia wageni choo kibovu?"

"Mimi."

"Ulijuaje?"

Jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo. "Katibu ndiye aliyeniambia."

"Sawa. Usiende mbali."

"Niende wapi, afande? Watu wananisubiri. Tumeamua tusaini hivyo hivyo, kwa heshima ya marehemu."

Inspekta alimtazama akitoka, mgongo umenyooka, machozi yamekauka kabla hajafika barazani. Alitamani kunawa mikono.

Jikoni kulikuwa na mwanamke akikusanya vyombo huku akijifuta macho kwa kiwiko. Wenzake walimwita Mama Keki, kwa kuwa ndiyo biashara yake, naye alikuwa mwanachama tangu chama kilipoanza.

"Dada, Sista aliitaka hii kampuni?"

"Aitake! Afande, Sista alisema hasaini mpaka kile kifungu kitolewe. Ukichelewesha kodi ya nusu yao miezi mitatu, wanachukua na nusu yako. Sasa mimi mjane, msimu wa mvua nani ananunua keki? Si nitafukuzwa kwenye nyumba niliyokwisha kuilipia? Yeye alitaka twende na mfuko wa vyama vya akiba. Nyumba za chini tu, tena tungesubiri zaidi, lakini hakuna wa kututoa."

"Na mwenyekiti?"

"Mwenyekiti anataka ghorofa. Anasema ofa ya kampuni inaisha leo."

"Sista asiposaini?"

"Hakuna mkataba. Lazima wasaini wote watatu."

"Na akiwa mgonjwa?"

"Anasubiriwa. Katibu alipovunjika mguu tulimsubiri mpaka akatupa magongo, mambo yote yakasimama." Alishika ukingo wa sinki. "Ila mmoja akifa, wawili waliobaki wanatosha. Tulipiga kura wenyewe, afande. Tulitaka chama kisife na mtu."

Inspekta aliyarudia maneno hayo kichwani. Mgonjwa anasubiriwa, maiti haisubiriwi. Kumbe sheria waliyoitunga kwa nia njema ndiyo iliyomfanya mama huyu awe na faida akiwa mfu kuliko akiwa amelala hospitali na nyonga iliyovunjika.

Macho yake yaliangukia trei ya keki iliyobaki. Ilikuwa imefunikwa nailoni nene, safi, yenye zipu.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nyuma hapo, kwenye ndoo ya taka. Nzima kabisa! Hapa kitu cha chama hakitupwi, afande, kila msumari tumeuchangia. Na nzi walivyokuwa wengi..."

"Uliiosha?"

"Haikuwa na uchafu. Upande mmoja tu ulikuwa unateleza, nikajua ni mafuta. Huo nikauweka juu, usiguse ke..." Sauti ilimkatika. Alitazama sebuleni, akauona mto ule ulio uchi. Akakimbilia sinki akatapika.

Inspekta alimshika bega mpaka alipomaliza.

Mtaalamu wa alama za vidole alifungua sanduku lake papo hapo jikoni. Katikati ya nailoni kulikuwa na mate yaliyochanganyika na damu kidogo. Pembeni, kulia na kushoto, vidole vya mtu mnene aliyekandamiza kwa nguvu zake zote. Alivilinganisha na vile vya kwenye glasi aliyonywea maji mwenyekiti wakati akilia.

"Maabara itathibitisha, afande. Lakini mimi sina shaka."

Chini ya turubai mwenyekiti alikuwa ameshika kipaza sauti. Wanachama walikuwa wameinamisha vichwa, wengine wanalia. Wageni wawili wa kampuni walikaa mbele wakitazama viatu vyao. Katibu, mtu mwembamba mwenye tai, alikuwa akifungua kalamu.

"Shemeji yangu aliota nyumba hizi," mwenyekiti alikuwa akisema. "Tusimwangushe."

Inspekta alipita katikati ya viti, akachukua kalamu mkononi mwa katibu. "Nyinyi wawili, ndani."

Aliwakalisha kwenye kochi, ule mto uchi katikati yao. Aliwaeleza haki zao, kisha akainua nailoni ndani ya mfuko wa ushahidi. Katibu aliitazama, akasogea mbali na ule mto.

"Hii ilikuwa kwenye keki. Mmeila nyinyi na wageni wenu."

"Mimi sikumgusa!" Katibu alilipuka.

"Nyamaza wewe!" alifoka mwenyekiti.

"Sinyamazi! Yeye na Sista walikuwa wanagombana juu ya ngazi, afande. Alimwambia asaini, akakataa. Akamvuta mkono, Sista akaanguka. Alikuwa hai! Alikuwa anasema nyonga, nyonga yangu, niitieni gari. Mimi nilishika simu niite gari la wagonjwa."

"Ukaita?"

Katibu aliinamisha kichwa. "Alinizuia. Alisema akienda hospitali tutamsubiri kama nilivyosubiriwa mimi, na kampuni itaondoka. Akaniambia nitoke nikapokee wageni."

"Ukatoka?"

"Nikatoka."

"Alikuwa anapiga kelele?"

"Ndiyo."

"Wageni hawakusikia?"

"Niliongeza sauti ya muziki."

Inspekta alimgeukia mwenyekiti. Mtu yule hakuwa analia tena. Alikuwa ameegemea kochi kama mwenye nyumba, uso wake hauna hata chembe ya aibu.

"Kuanguka ilikuwa bahati mbaya," alisema.

"Na mto?"

"Alikuwa anateseka. Baadaye nikamlaza bafuni kwa heshima."

"Usinichezee! Walikuahidi nini?"

Mwenyekiti alinyoosha mkunjo wa suruali yake.

"Nimekuuliza, walikuahidi nini?"

"Ile ya kona," alisema mwenyekiti hatimaye, taratibu. "Ghorofa. Yangu yote, bila kodi ya mtu."

"Wenzako wote umewahubiria nusu."

"Nusu ni ya wapangaji, afande. Mimi nimewahangaikia watu hawa mpaka nimezeeka. Nyumba nzima ni kitu gani? Na yeye alikuwa mgumu tu. Nilimbembeleza. Hata pale chini nilimbembeleza, nikampelekea kalamu asaini kwanza ndipo niite gari. Alinitemea mate."

Hata Koplo, aliyekuwa akiandika, aliacha kalamu. Inspekta alijikuta amesimama, ngumi zimekunjwa, na ikabidi atembee mpaka dirishani ndipo arudi. Mwanamke amevunjika nyonga, yuko sakafuni, shemeji yake anamchuchumalia na kalamu.

"Wafunge pingu," alisema. "Na wale wageni wa kampuni wasiondoke. Wataeleza nyumba za bure wanazigawa kwa nani."

Pingu zilibana. Mwenyekiti alisimama akaweka koti lake sawa. Katibu alibaki ameketi, machozi yanamdondokea kwenye tai.

"Afande, andika vizuri, nakuomba. Mimi sikumvuta. Sikushika mto. Mimi nilikuwa nje kabisa."

"Nitaandika."

"Sikufanya chochote."

"Ndivyo nitakavyoandika," alisema Inspekta. "Kwamba alikuita, ukamsikia, ukaongeza muziki. Huyu mwenzako ananitia kichefuchefu. Wewe, hata kukutazama siwezi."

Akamfungulia mlango, akageuza uso mpaka alipopita.